Majina ya Kiswahili, Maarifa ya Kiingereza: Mabadiliko ya Mashirika Turkana na Haja ya Jumuiya za Watendaji

Kwa zaidi ya nusu karne Turkana imekuwa mahali pa kujaribia mabadiliko. Wafugaji walihimizwa wawe wavuvi, kisha wakulima wa kunyunyizia mashamba maji. Wilaya iligeuzwa kuwa kaunti mwaka 2013. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Sudan na iliyodhaniwa kuwa ya muda mfupi, sasa inageuzwa kuwa mji. Kila mojawapo ya mageuzi hayo ililazimu mashirika kubadili taratibu zake: nani huajiri, nani hulipa, chakula hutolewa kwa njia gani, na mwananchi apeleke wapi malalamiko yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba kila mara kazi huanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuifanya. Makala haya yanadai kuwa chanzo kikubwa cha hasara hiyo si uhaba wa fedha tu wala uzembe wa watumishi, bali ni kukosekana kwa jumuiya za kudumu ambamo watendaji wa ngazi za chini hupokezana ujuzi wa kuendesha mabadiliko. Aidha, jumuiya hizo ni muhali kusimama iwapo lugha yake ya kazi itaendelea kuwa Kiingereza pekee.

Fani ya usimamizi wa mabadiliko ilizaliwa mbali na Turkana. Mwaka 1947 Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alieleza mabadiliko ya kundi kwa hatua tatu: kuyeyusha hali iliyopo, kuisogeza, kisha kuigandisha upya. Sitiari yake ni ya barafu. Huenda ina mvuto kwa mtu aliyezoea mito inayoganda. Mjini Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, barafu ni bidhaa ya dukani, nayo huyeyuka bila kuhitaji mshauri. Nusu karne baadaye, mwaka 1996, John Kotter alipendekeza hatua nane za kuongoza mabadiliko. Nadharia hizi zina manufaa yake, lakini jinsi zinavyotumiwa maofisini humtazama zaidi kiongozi. Yeye ndiye ayeyushaye na agandishaye. Wengine ni maji.

Mtazamo unaofaa zaidi hoja hii ni wa Jean Lave na Etienne Wenger ambao, katika kitabu chao cha mwaka 1991, waliitumia dhana ya jumuiya ya watendaji kueleza jinsi mtu anavyojifunza kazi kwa kuingia taratibu miongoni mwa wanaoifanya. Mmoja wa mifano yao ni washonaji nguo wa Liberia, ambako mwanagenzi huanza kwa kazi ndogo za kukamilisha vazi, kama vile kutia vifungo, na kukata kitambaa huja mwishoni. Msomi wa Kiswahili hana haja ya kustaajabu. Uanagenzi, ufundi, somo na kungwi ni maneno yaliyoitangulia nadharia hiyo. Julian Orr naye, aliyewachunguza mafundi wa mashine za kunakili za Xerox nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996, aliona kwamba mafundi hao hawakutegemea sana vitabu vya maelekezo vya kampuni. Waliponywa na hadithi walizosimuliana wakati wa chakula: mashine fulani ilisumbuaje, nani aliitengeneza, na kwa hila gani. Maarifa yalikuwa katika masimulizi, na masimulizi yalihitaji lugha ambayo wote waliimudu bila kujikwaa.

Pasipo jumuiya ya namna hiyo, maarifa hufa. Kalokol ni ushahidi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Norwe iliingia ubia na Kenya ili kukuza uvuvi wa Ziwa Turkana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilikuwa kimesimama karibu na ufuo wa magharibi wa ziwa hilo. (Barafu tena.) Kiwanda kilihitaji umeme mwingi na maji safi mahali ambapo vyote viwili ni adimu, na gharama ya kugandisha ilizidi faida iliyotarajiwa. Kilifanya kazi iliyokusudiwa kwa muda mfupi mno. Kisha maji ya Ghuba ya Ferguson, yaliyokuwa tegemeo la wavuvi, yakarudi nyuma, na maelfu ya watu waliokuwa wameacha ufugaji wakajikuta hawana mifugo wala samaki. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu za kisiasa zisizohusu samaki hata kidogo. Wataalamu wakaondoka, na mafaili yakaondoka nao au yakabaki yakiliwa na mchwa.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama dhihaka kwa wafadhili. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kisa. Sehemu ngumu ni kwamba wapo watu waliojifunza mengi kutokana nacho: makarani wa chama cha ushirika cha wavuvi, mafundi wa mitumbwi, kina mama waliopasua na kukausha samaki juani. Biashara ya samaki wakavu haikufa. Imeendelea hadi leo, na samaki wa Turkana husafirishwa hata Kongo. Kwa maneno mengine, palikuwa na mbinu iliyofaa na palikuwa na watu walioijua, lakini hapakuwa na kikao ambamo ujuzi wao ungekutana na mpango wa mhandisi kabla ya saruji kumwagwa. Wala hapakuwa na kikao baadaye, ili walioendesha miradi mingine ya mashamba na mifugo wilayani humo wasikie kutoka kwa wenyewe ni nini kilichoharibika.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba Turkana haijui ila kushindwa. Mwaka 1987, baada ya njaa za mwanzoni mwa muongo huo, ulianzishwa wilayani humo mfumo wa kutoa tahadhari ya ukame kwa msaada wa Uholanzi. Wapimaji waliwatembelea wafugaji kila mwezi wakauliza kuhusu mvua, malisho, maziwa, bei ya mbuzi na bei ya mahindi. Taarifa zikakusanywa Lodwar na kutolewa kwa umbo la jarida fupi. Mfumo huo ulipita mikononi mwa miradi kadhaa. Kuanzia mwaka 1996 mbinu zake zilienezwa katika wilaya nyingine kame kupitia mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na mwaka 2011 Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame ikaundwa. Leo kaunti 23 hutoa jarida la namna hiyo kila mwezi.

Kwa nini mbinu hii ilisafiri ilhali ile ya Kalokol ilizikwa? Jibu moja linastahili kuzingatiwa. Kazi ya ukame ilikuwa na mzunguko: kila mwezi watu walewale walikutana juu ya maswali yaleyale, wakalinganisha majibu, na aliyehamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine aliikuta kazi anayoifahamu, mikononi mwa wenzake wanaozungumza istilahi zake. Iliundika jumuiya ya kweli hata kama hakuna aliyeipa jina hilo. Si kwamba ilifaulu kuzuia njaa. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ulionyesha kwamba kujua mapema ni jambo moja na kutoa fedha mapema ni jingine. Lakini ujuzi wenyewe haukupotea.

Wala mfano haukuhitaji kutoka Uholanzi. Wakazi wa nyika za Kerio na Turkwel, yaani Waturkana wenyewe, wanao mfumo wa adakar: kundi la familia zinazohama na kulisha mifugo pamoja kwa ajili ya usalama na malisho. Kabla ya kundi kuhama, watu hutangulia kukagua majani, maji na hatari iliyopo njiani, kisha hurejea na kutoa habari mbele ya wazee. Habari hiyo huhojiwa. Anayesema nyasi zipo huulizwa ni nyasi gani, kiasi gani, na nani mwingine ameziona. Hakuna anayelipwa posho ya kikao, na uongo hulipiwa kwa mifugo. Ukitafutwa ufafanuzi mzuri wa kupeana mbinu bora kabla ya mabadiliko makubwa, huo hapo. Upungufu wake nao ujulikane: kikao cha chini ya mti wa wanaume hakikuwa cha wanawake, ingawa wao ndio waliojua zaidi habari za maji na maziwa. Jumuiya ya watendaji inayokusudiwa na makala haya haina budi kurithi ukali wa maswali bila kurithi mipaka ya mti.

Sasa itazamwe hali ya miaka ya karibuni. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya posho yao ya chakula kwa njia ya simu badala ya nafaka pekee. Mpango uliitwa Bamba Chakula. Jina hilo ni zuri: kitenzi “kubamba”, chenye maana ya kushika au kunasa, kilikuwa tayari vinywani mwa vijana na kwenye kadi za muda wa maongezi. Mabadiliko yenyewe yalikuwa makubwa kuliko jina lake. Mtu aliyezoea kupanga foleni na gunia alitakiwa awe na kadi ya simu, namba ya siri na uhuru wa kuchagua duka. Mfanyabiashara wa Kakuma, mkimbizi na mwenyeji, alitakiwa aingie mkataba, aweke kumbukumbu na ashindane kwa bei. Mfanyakazi wa ghalani alitakiwa ajifunze kazi mpya au aikose. Ni akina nani waliofanikisha jambo hilo siku kwa siku? Kwa sehemu kubwa ni wakimbizi waliofanyia mashirika kazi kwa posho ndogo. Wao ndio waliomweleza bibi asiyejua kusoma kwamba namba ya siri haitajwi hata kwa mwenye duka. Wao ndio waliojua ni wapi udanganyifu ungetokea. Wengi wao ni watu wanaosubiri kuhamishiwa nchi za mbali, na anapoondoka mmoja, maarifa yake hupanda naye ndege.

Katika serikali ya kaunti hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 2013 huduma za afya zilipohamishiwa kwa kaunti, kaunti ndizo zilizopaswa kuajiri wauguzi na kuagiza dawa na kuzilipia. Msimamizi wa zahanati ya mashambani katika eneo kama Kerio alijikuta chini ya mwajiri mpya, fomu mpya na mlolongo mpya wa sahihi. Kaunti zote 47 zilipita tanuri hilohilo mwaka huohuo. Ni kweli kwamba magavana walipata baraza lao, na kuanzia mwaka 2014 Kongamano la Ugatuzi limekuwa likifanyika, la kwanza likiwa Kwale. Ni kweli pia kwamba Baraza la Magavana lilianzisha kituo cha kukusanya na kusambaza mbinu bora za kaunti, na kwamba kituo hicho kiliitwa Maarifa. Lakini magavana hukutana na magavana. Karani wa stoo ya dawa wa Turkana na mwenzake wa Mandera au Kilifi, ambao wana maswali yaleyale, hukutana wapi? Na nyaraka nyingi za kituo hicho chenye jina tamu la Kiswahili zimeandikwa kwa lugha gani?

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Bamba Chakula, Maarifa, na sasa Shirika, yaani mpango uliozinduliwa na serikali ya Kenya mwezi Machi 2025 ili kuzigeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi yanayohudumiwa pamoja na wenyeji: yote ni majina ya Kiswahili yaliyobandikwa juu ya maarifa yaliyofungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimefanywa rangi ya mlango. Miongozo ya mafunzo, tathmini, kumbukumbu za vikao na maelezo ya yaliyokwenda kombo huandikwa kwa Kiingereza cha wafadhili, ambacho hata mtu aliyesoma sekondari hukisoma kwa jasho. (Ajabu ni kwamba vitabu na magazeti ya ng'ambo yamerudia mara nyingi kwamba “Kakuma” ni neno la Kiswahili lenye maana ya “pasipo mahali”. Si kweli. Ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana. Lugha inaposingiziwa maana hivyo bila kuulizwa, si ajabu ikitumiwa kama pambo.)

Mpinzani wa hoja hii atasema kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama ya Waturkana, na kwamba mkimbizi kutoka Sudan Kusini hukielewa kwa shida pengine kuliko Kiingereza. Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Mkutano wa mzee wa Kerio na watumishi wa kaunti unafaa uwe wa Ng'aturkana, na anayedai vinginevyo kwa jina la umoja wa taifa analeta ubeberu mwingine mdogo. Lakini jumuiya inayozungumziwa hapa ni ya watendaji: muuguzi aliyetoka Kisii, mwalimu Mturkana, karani kutoka Bungoma, msaidizi wa jamii aliyezaliwa Bukavu au Bujumbura, dereva wa Kitale, mfanyabiashara Msomali wa Kakuma. Lugha ambayo wengi wao hutumia wanapongojea gari, wanapolalamika na wanapotaniana ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, si chini yake. Pale ambapo mshiriki anahitaji mkalimani wa Kiarabu cha Juba au Kisomali, atafutwe. Kazi hiyo ni rahisi zaidi kikao kinapoendeshwa kwa lugha ya wengi kuliko kinapoendeshwa kwa lugha ya taarifa.

Kikwazo kingine si cha lugha tupu. Mashirika hupenda warsha. Neno hilo katika asili yake ya Kiarabu hutaja karakana, mahali pa kazi za mikono, na huko Uarabuni hadi leo warsha huweza kuwa gereji ya magari. Katika Kiswahili cha maofisini warsha imekuwa ukumbi wa hoteli wenye chupa za maji, picha zinazomulikwa ukutani na posho ya kikao mwishoni. Hakuna kinachotengenezwa. Mshiriki hasimulii kosa lililofanyika ofisini mwake, kwa sababu mwakilishi wa mfadhili ameketi mstari wa mbele na mkataba wake unakwisha mwezi Desemba. Basi husimuliwa mafanikio tu, na mafanikio ya mwenzako hayakufunzi namna ya kuepuka shimo alilotumbukia. Jumuiya ya watendaji yapasa iwe kinyume cha hayo: ndogo, ya mara kwa mara, isiyo na posho, isiyo na mgeni rasmi, na yenye kanuni kwamba kinachosimuliwa humo hakiandikwi kwa jina la mtu. Wauguzi wa Turkana ya Kati wanaweza kuanza kwa watu kumi. Wasimamizi wa maghala wa Kakuma na Kalobeyei vivyo hivyo.

Je, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaingiaje? Kwa miaka mingi vyama vyao vimejadili ukuzaji wa istilahi kana kwamba istilahi huzaliwa kwenye kamati na kutumwa kwa umma kama chanjo. Turkana ingetoa nafasi ya kuigeuza kazi hiyo. Chukuliwe mfano wa jarida la ukame. Limekuwa likiitaja hali ya kaunti kwa hatua tano: kawaida, kisha hatua mbili za kuonya, kisha dharura, halafu kupata nafuu. Kiingereza hutofautisha zile hatua mbili za kati kwa maneno mawili yanayokaribiana. Mtafsiri wa Kiswahili hushawishika kutumia “tahadhari” kwa zote mbili. Tofauti hiyo si ya mapambo, kwa kuwa hatua ya kwanza ni ya kujiweka tayari na ya pili huashiria kwamba hali ya mifugo na maisha imekwisha kuguswa. Pengine hatua ya pili iitwe “mbiu”, neno ambalo kila aliyesikia habari za mbiu ya mgambo analielewa. Pengine wapimaji wa Kerio na Loima tayari wana neno lao ambalo kamusi haijaliona. Hilo halijulikani hadi mwanafunzi wa isimu aketi nao, asikilize wanavyoelezana, na arudi mwezi unaofuata.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilianzishwa Lodwar mwaka 2017, na vyama vya Kiswahili vya vyuo vingine hufanya ziara za kitaaluma kila mwaka, aghalabu Mombasa, Lamu au Zanzibar. Safari ya Lodwar si ya starehe, nayo haina ngome wala milango ya kuchongwa ya kupigia picha. Ina watu wanaojua ni nini kilitokea siku ghala lilipogeuka kuwa simu, na siku mshahara wa muuguzi ulipohama Nairobi. Kazi ya kuyanakili masimulizi hayo, kwa idhini ya wenyewe na bila majina yao, kisha kuyahariri yawe matini mafupi ya Kiswahili yanayoweza kusomwa kwa sauti katika kikao cha watu kumi, ni kazi ya fasihi simulizi na ya tafsiri kwa pamoja. Haihitaji ufadhili mkubwa. Inahitaji kinasa sauti, subira na mhadhiri aliye tayari kuikubali kama tasnifu.

Muda nao haungoji. Mwaka 2025 misaada ya kimataifa ilipopunguzwa, posho za chakula Kakuma zilikatwa, na wakimbizi wakagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji wao, jambo lililozua maandamano kambini. Mara nyingine tena watendaji wa chini ndio walioachiwa kumweleza mtu kwa nini jirani yake amepata na yeye amekosa. Waliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Ng'aturkana, bila mwongozo wa lugha yoyote kati ya hizo uliotokana na yale waliyoyapitia wenzao wa mwaka 2015. Baadhi ya wenzao hao wangali Kakuma. Wengine wako Minnesota na Australia, na simu zao bado zinaita.